Pua Iliyovunjika na Pua Isiyopendwa: Nani Apasuliwe, na Atarajie Nini?

Sifa zote njema anastahiki Allah, aliyemuumba mwanadamu katika umbile lililo bora, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake wote.

Msimu wa korosho uliopita, minada ilipokwisha na fedha zikaanza kuingia mikononi mwa wakulima, kamati yetu ya msikiti ililetewa mashauri mawili ambayo hatukuyazoea. Yote mawili yalihusu pua. Tunayasimulia hapa, kwa idhini ya wenyewe na bila kutaja majina, kwa sababu katika yote mawili sisi wanakamati tulikosea, na tunaamini makosa hayo yanafanyika katika nyumba nyingi za Waislamu kuanzia Nachingwea na Ruangwa hadi mbali zaidi.

Shauri la kwanza lilikuwa la kijana wa bodaboda kutoka upande wa Ruangwa. Alianguka usiku kwenye barabara ya vumbi akirudi kumshusha abiria, uso ukapiga chini. Pua ilitoka damu nyingi, ikavimba, naye akajilaza nyumbani akijikanda kwa maji ya moto yenye chumvi. Wiki ya tatu, baada ya sala ya Ijumaa, alikuja kutuomba nauli na msaada wa matibabu. Pua ilikuwa imelala upande wa kushoto na tundu la kulia halikupitisha hewa. Mzee mmoja miongoni mwetu akamwambia kwa upole, "Mwanangu, hiyo ni qadari. Subiri, uzuri wa mwanamume hauko puani." Nasi tuliobaki tukanyamaza. Katika kumbukumbu za kikao tuliandika kwamba ombi lile ni la urembo, tukaliweka kando.

Shauri la pili lilikuja miezi miwili baadaye. Mama mmoja wa Nachingwea alitaka tushuhudie maandishi ya kuuza nusu ya shamba lake la mikorosho. Tulipouliza sababu, alisema binti yake wa miaka 19, aliyekwisha kuposwa, anataka kwenda kupasuliwa pua iwe nyembamba. Tangu shule ya msingi binti huyo aliitwa jina la utani kwa ajili ya pua yake, na siku ya kupeleka barua ya posa wifi mtarajiwa alitupa neno, watu wakacheka. Binti alikuwa ameshanunua kwa njia ya simu kibanio cha plastiki cha kubania pua usiku, hadi ngozi ikachubuka. Hapo pia hatukuuliza zaidi. Tulisema hayo ni mambo ya ndani ya nyumba, tukapanga siku ya kutia saini.

Kwa hiyo ndani ya msimu mmoja tulimfungia mlango mwenye haki ya kutibiwa, na tulikuwa karibu kumfungulia mlango mtu ambaye hakuna aliyemuuliza anatafuta nini. Usiku wa kuamkia siku ya kutia saini, mmoja wetu alikumbuka Hadithi ya Arfaja, na aibu ikatushika. Tuliahirisha maandishi, tukarudi kwenye vitabu, tukaenda kwa masheikh na kwa daktari. Makala hii ni matunda ya safari hiyo.

Arfaja na pua ya dhahabu

Arfaja bin As'ad, Allah amuwie radhi, alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha, nayo ikaoza na kutoa harufu. Mtume (s.a.w.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu. Habari hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Tuzingatie uzito wake: dhahabu ni haramu kwa mwanamume wa Kiislamu, lakini kwa ajili ya kurudisha pua iliyopotea iliruhusiwa. Mtume (s.a.w.) hakumwambia Arfaja asubiri tu kwa kuwa ni qadari. Kutafuta tiba nako ni katika qadari ya Allah.

Kwa upande wa pili iko Hadithi ya Abdullah bin Mas'ud, iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayotaja laana juu ya wachanjao na wachanjwao ngozi kwa rangi, na wanaoachanisha meno kwa ajili ya uzuri, wakibadilisha uumbaji wa Allah. Na katika Suratun Nisaa, aya ya 119, Allah anatueleza kwamba shetani aliapa kuwaamuru watu waugeuze uumbaji huo.

Wanazuoni wa zama zetu waliyaweka mafundisho haya mawili pamoja. Mwezi Julai 2007, Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililo chini ya Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, lilitoa azimio kuhusu upasuaji wa kurekebisha maumbile. Liliruhusu upasuaji wa kurudisha kiungo katika umbile au kazi yake, wa kurekebisha kasoro ya kuzaliwa nayo kama mdomo uliopasuka au pua iliyopinda sana, wa kutengeneza madhara ya moto, ajali au maradhi, na wa kuondoa ubaya wa umbile unaomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi. Lilikataza ule usiokuwa tiba, unaokusudia kubadilisha umbile la kawaida kwa kufuata matamanio na kuiga wengine, na likataja waziwazi kubadilisha umbo la pua miongoni mwa mifano yake.

Azimio hilo liliweka pia masharti: daktari awe bingwa na mwaminifu, mgonjwa aridhie mwenyewe, aelezwe athari zinazoweza kutokea, madhara yasizidi faida, na isiwepo njia nyingine nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo. Tulipoyapeleka masharti haya kwa daktari wa masikio, pua na koo, alituambia kuwa hata bila kuwa Mwislamu, daktari mzuri angeyauliza maswali yaleyale.

Pua ikivunjika, saa na siku zina thamani

Tunaanza na hili kwa kuwa ndilo linalozikuta nyumba nyingi zaidi katika wilaya zetu zenye pikipiki nyingi, viwanja vya mpira na watoto wanaopanda miembe.

Pua ikitoka damu, mgonjwa akae wima na ainamishe kichwa mbele, asikilaze nyuma kama wengi wetu tulivyozoeshwa, kwa sababu damu itaingia kooni na tumboni. Abane sehemu laini ya pua kwa vidole kwa dakika 10 hadi 15 mfululizo bila kuachia, huku akipumua kwa mdomo. Kisha aende hospitali, hasa ikiwa damu haikomi, ikiwa alipoteza fahamu, anatapika, anaona vitu viwili viwili, au pua inatiririsha majimaji meupe kama maji safi, maana hiyo huweza kuwa dalili ya jeraha la fuvu.

Liko jambo jingine ambalo kijana wetu hakuambiwa na mtu. Pua ina ukuta wa kati uliotengenezwa kwa gegedu, na gegedu hilo hulishwa na utando unaolifunika. Baada ya kipigo, damu inaweza kukusanyika kati ya utando na gegedu. Mgonjwa huhisi pua imeziba kabisa na maumivu yanaongezeka, na akiangaliwa ndani ya tundu huonekana uvimbe laini wenye wekundu au uzambarau. Hiyo ni dharura. Damu hiyo isipotolewa na daktari mapema, siku hiyohiyo ikiwezekana, gegedu hukosa chakula, huoza, na mgongo wa pua hudidimia kama tandiko la punda. Watoto wamo hatarini zaidi, nao mara nyingi huambiwa tu wanyamaze.

Mfupa uliohama huweza kurudishwa mahali pake bila upasuaji mkubwa, lakini muda ni mfupi. Kwa mtu mzima ni ndani ya wiki mbili hivi tangu kuumia, na kwa mtoto ni mapema zaidi, kwa kuwa mifupa yake huunga haraka. Baada ya hapo mfupa umeshika ulipo. Itabidi kusubiri miezi kadhaa, kisha kufanya upasuaji wa kunyoosha ukuta wa kati na mifupa, ambao ni mgumu na wa gharama zaidi. Kijana wetu alipokuja kwetu alikuwa wiki ya tatu. Mlango mwepesi ulikuwa umeshafungwa. Lakini sisi tulimchelewesha tena miezi miwili kwa neno moja la "urembo", na hilo tutaulizwa.

Nani anafaa kupasuliwa

Upasuaji wa kurekebisha pua, ambao madaktari huuita rinoplasti, haufai kila mwili wala kila wakati. Haya ndiyo mambo tuliyofundishwa kuyaangalia.

Kwanza ni umri. Pua huendelea kukua hadi ujana. Kwa kawaida ya wasichana hukamilika wakiwa na miaka 15 au 16, na ya wavulana miaka 17 au 18. Isipokuwa kwa ajali au kasoro ya kuzaliwa inayozuia pumzi, mtoto asipelekwe kwa ajili ya umbo.

Pili ni afya. Mwenye kisukari au shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye maradhi ya damu kutoganda, na mjamzito, hawapaswi kukimbilia meza ya upasuaji kwa jambo linaloweza kungoja. Mvuta sigara anatakiwa aache wiki kadhaa kabla na baada, kwa kuwa moshi hupunguza damu inayoponyesha ngozi. Dawa kama aspirini, na hata baadhi ya dawa za miti, huongeza kutoka damu. Daktari aambiwe kila kitu kinachomezwa nyumbani, bila kuona haya.

Tatu ni ngozi. Baadhi yetu Waafrika tuna asili ya makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Mwenye kovu la namna hiyo sikioni au kifuani lazima amwoneshe daktari kabla ya kukubali kukatwa usoni.

Nne ni sababu. Daktari alituambia kwamba swali analolipa uzito kuliko yote ni hili: "Nani anataka pua hii ibadilike?" Akijibiwa kwamba ni mume, mchumba, mama mkwe au marafiki, huufunga mjadala siku hiyo. Anayefaa ni yule anayeweza kuonesha kwa kidole kasoro moja inayoeleweka, iliyompata kwa ajali, maradhi au kuzaliwa, na anayekubali kupata nafuu bila kudai ukamilifu.

Tano ni wakati. Aliye katika msiba, talaka, ugomvi wa posa au maandalizi ya harusi asiamue jambo la uso wake. Moyo ukitulia, rai hubadilika.

Upasuaji unaweza nini, na hauwezi nini

Pua iliyopinda inaweza kunyooshwa kwa kiasi kikubwa, lakini mara nyingi hubaki alama ndogo ya mpindo, kwa sababu gegedu lina tabia ya kurudi lilikozoea. Njia ya hewa inaweza kufunguliwa, lakini mwenye mzio wa vumbi ataendelea kuhitaji tiba ya mzio. Mgongo uliodidimia unaweza kuinuliwa kwa gegedu la mgonjwa mwenyewe, litakalochukuliwa ndani ya pua, sikioni au ubavuni, maana yake ni jeraha la pili.

Kwa pua zetu nyingi za Kiafrika, ngozi ya ncha ni nene na gegedu lake ni laini. Ngozi nene haioneshi michongo midogo inayofanywa chini yake. Anayechukua picha ya mwigizaji wa nchi nyingine na kumwambia daktari "nifanyie hii" anaomba kitu ambacho mwili wake hauwezi kukibeba. Pua ikipunguzwa kupita kiasi hupoteza nguzo zake, na miaka ya baadaye mtu hukosa pumzi.

Kupona nako kuna hatua zake. Kibandiko kigumu hukaa juu ya pua kwa wiki moja hivi. Weusi na uvimbe chini ya macho huchukua wiki mbili au zaidi kidogo. Kazi nzito, kuinama sana na mpira huachwa kwa wiki kadhaa. Kwa mkulima hiyo ni palizi nzima. Uvimbe mwingi hupungua katika miezi ya mwanzo, lakini umbo la mwisho, hasa la ncha, halionekani mpaka mwaka mmoja upite, na kwa wenye ngozi nene ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayepanga kupasuliwa mwezi mmoja kabla ya harusi ataingia ukumbini na uso uliovimba.

Tena haikosekani bahati mbaya. Kuna kutoka damu, uchafuzi wa kidonda, kupungua kwa kunusa, tundu kwenye ukuta wa kati, na hatari za nusukaputi. Katika vitabu vya madaktari, makadirio yanayotajwa sana ni kwamba watu 5 hadi 15 kati ya 100 waliofanyiwa upasuaji huu huhitaji kurudiwa, na wa mara ya pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Anayeuza shamba kwa ajili ya upasuaji mmoja ajiulize atauza nini kwa ajili ya wa pili.

Kioo cha simu kinasema uongo

Mwaka 2018 daktari Boris Paskhover wa Marekani na wenzake walichapisha hesabu inayofaa kubandikwa katika kila chumba cha vijana. Walionesha kwamba picha ya kujipiga mwenyewe kwa simu, ikipigwa umbali wa inchi 12, yaani kama sentimita 30 kutoka usoni, huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kutoka futi 5, yaani mita moja na nusu. Kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa. Binti anayejitazama kila siku katika picha hiyo anaichukia pua ambayo hana.

Vibanio vya pua na mafuta ya kupunguza pua yanayouzwa mitandaoni havina uwezo wa kubadili mfupa wala gegedu. Vinachoweza ni kuchubua ngozi. Hatari zaidi ni sindano za kujaza pua zinazochomwa na wasio madaktari. Dawa hiyo ikiingia katika mshipa wa damu inaweza kuua ngozi ya pua, na wako watu duniani waliopofuka jicho kwa sababu hiyo.

Tena yapo maradhi ya nafsi ambayo mtu huona kasoro kubwa mahali ambapo wengine hawaoni kitu, au huona kidogo mno. Hujitazama kiooni kwa saa nyingi, hufunika uso, huacha shule, sala ya jamaa na harusi za ndugu. Mtu huyu haigizi wala si mjinga, anateseka kweli. Lakini upasuaji mara nyingi haumponyeshi, kwa sababu akitengenezwa pua ataichukia tena au atahamia kidevuni. Tiba yake ni mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili, na pengine dawa. Wazazi wakiziona dalili hizi wamwone daktari, na wasiseme "ana majini" kabla ya kutafuta sababu zote.

Sisi tunaotia majina

Tukumbuke nyuso za bibi zetu. Hapa kusini, miongoni mwa Wamwera na Wamakonde, wanawake wa zamani walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya, wakachanja nembo usoni. Kwa macho ya zama zao huo ulikuwa uzuri uliokamilika, na msichana asiye nao alionekana amepungukiwa. Leo wajukuu wao hushangaa wakiona picha zile. Mitindo ya uso ilipita, lakini chale hazikufutika. Mabibi walizikwa nazo. Pua nyembamba inayosifiwa mwaka huu nayo ina siku zake.

Na nani anaifanya pua ya mtoto kuwa mzigo? Tulimuuliza binti yule jina la utani alipewa na nani. Alisema alipewa na mjomba wake, kwa mzaha, akiwa na miaka sita. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah ametukataza kudharauliana, kuvunjiana heshima na kuitana kwa majina mabaya. Tunaisoma aya hii misikitini, kisha tunarudi nyumbani na kumwita mtoto "pua bapa" mbele ya wageni. Kabla ya kumlaumu binti kwa kutaka kubadilisha uumbaji wa Allah, tumuulize aliyemfundisha kuuchukia uumbaji huo.

Mtume (s.a.w.) alikuwa na rafiki wa shamba aliyeitwa Zahir, ambaye wapokezi wanasema hakuwa mzuri wa sura. Siku moja alimkumbatia kwa nyuma sokoni akimtania kwamba anamuuza mtumwa. Zahir alipojisemea kuwa yeye ni bidhaa isiyo na bei, Mtume (s.a.w.) alimjulisha kwamba kwa Allah yeye ni mwenye thamani. Ndivyo anavyotaniwa mtu mwenye moyo uliovunjika.

Kwa wachumba nao tunasema: sheria imemruhusu mwanamume kumtazama anayetaka kumuoa kabla ya ndoa, kama Mtume (s.a.w.) alivyomwelekeza Mughira bin Shu'ba. Aliyetazama akaridhia, basi ameridhia pua pia. Na asiyeridhia aseme mapema kwa adabu, asiache dada zake waseme kwa dhihaka.

Pa kuanzia

Mwenye pua iliyoumia aanzie hospitali ya wilaya, ya Nachingwea au ya Ruangwa, akaombe kuangaliwa ndani ya pua na, ikihitajika, barua ya rufaa. Zipo hospitali ya mkoa ya Sokoine mjini Lindi, hospitali ya Ndanda na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini mkoani Mtwara. Kambi za madaktari bingwa zikitangazwa wilayani, jina liandikwe mapema. Mtoto aliyezaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka asifichwe ndani. CCBRT iliyopo Msasani, Dar es Salaam, imewatengeneza watoto wengi. Upasuaji rekebishi na wa urembo nao sasa unafanyika nchini, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, kwa hiyo hakuna haja ya kumfuata mtu wa mtandaoni asiyejulikana cheti chake.

Muulize daktari: wewe ni bingwa wa nini, umewafanyia wangapi tatizo kama langu, nitabaki na nini ambacho hakitarekebika, gharama yote pamoja na kurudi kuangaliwa ni kiasi gani, na ikiharibika nani atanitengeneza? Daktari anayekasirikia maswali haya aachwe. Bima nayo iulizwe mapema, kwani tiba ya pua iliyoumia na urembo mtupu kwa kawaida havihesabiwi sawa.

Kuhusu ibada, aliyepasuliwa atakatazwa kuinama na kulowesha kibandiko kwa muda. Sala haiondoki. Huswali kwa kuashiria badala ya kusujudu, na kwa udhu hufuata hukumu ya mwenye bandeji. Amuulize sheikh wake kabla ya siku ya upasuaji. Na kwa kuwa dawa zitamezwa mchana, upasuaji usio wa dharura usipangwe kuelekea Ramadhani.

Yalipofikia

Tulimwita kijana wa bodaboda, tukamwomba radhi mbele ya mzee yuleyule, naye mzee akawa wa kwanza kutoa mchango wa nauli. Alipewa rufaa, na baada ya kusubiri miezi aliyoambiwa, alinyooshwa ukuta wa kati wa pua. Bado pua yake imeinama kidogo, kama daktari alivyomtahadharisha. Alipotutembelea, jambo la kwanza alilotuambia ni kwamba sasa akitawadha maji yanapanda matundu yote mawili, na usiku analala akiwa amefunga mdomo.

Binti tulimpeleka kwa daktari pamoja na mama yake. Daktari alimpiga picha kutoka mita moja na nusu, akamwonesha karibu na ile ya simu. Alimwambia hana kasoro ya tiba, na kwamba ngozi yake isingempa pua aliyoichora. Alimwelekeza pia kwa mshauri wa afya ya akili, akaenda mara kadhaa. Mchumba alipoitwa alisema hakuwahi kulalamikia pua ya mtu. Hakujua dada yake alisema nini. Alimleta dada huyo kuomba radhi. Tulimuuliza binti kama ameacha nia yake. Alijibu, "Ustadh, sijasema nimeacha. Nimesema ningoje mwaka mmoja kwanza." Hatukumkaripia kwa jibu hilo. Ni jibu la mtu anayefikiri, na shamba la mama yake bado lina mikorosho yote.

Kumbukumbu za kikao kile cha kwanza hatukuzifuta. Chini ya neno "urembo" tumeandika tarehe na sahihisho letu, ili atakayeshika ukatibu baada yetu aone kwamba neno moja la kamati linaweza kumzibia mtu pumzi.

Tunamuomba Allah atupe afya, atutengenezee tabia zetu kama alivyotutengenezea maumbile yetu, na atujaalie tuwe wenye kuridhia na wenye kutafuta tiba pale inapostahiki. Wallahu a'lam.